Mtani Akinyamaza

Nimekisikiliza kicheko cha Beneta Kihwele mpaka nakiota. Kinaanza taratibu, kama cha mtu anayejizuia asicheke kanisani, halafu kinamshinda. Kisha helmeti inagonga bomba, na baada ya hapo ni sauti ya Mtani peke yake, yule mwalimu wetu wa mashine aliyemo kwenye helmeti, anaendelea kumsemesha mtu asiyemsikia.

"Rudisha nyuma," alisema Gwakisa.

"Umeshasikia mara ngapi, mkuu?"

"Rudisha, Leokadia."

Nikarudisha. Gwakisa Mwambene ni mkurugenzi wa Darasa Hewani, kampuni ya hapa Makambako inayotengeneza masomo ya mtandaoni kwa mafundi wa visima vya mvuke. Akikosa jibu huomba aonyeshwe swali upya. Mimi ndiye mtunzi wa masomo hayo, kwa hiyo swali lilikuwa langu.

"Mhehe, toka humo," ilisema sauti ya Mtani kwenye spika. "Gesi imepanda. Utakufa."

"Ufe kwanza wewe, Mngoni," alijibu Beneta, na spana yake ikasikika ikiendelea kukaza nati. "Nije nile ubwabwa wa msiba wako."

"Sitanii. Acha hiyo valvu, utoke."

"Eti hatanii!"

Halafu kicheko. Nikazima kabla ya kishindo.

Mwenzake wa kazi alimvuta Beneta kwa kamba ya kiunoni. Alikuwa hai, amelazwa hospitali ya misheni kule Iringa, na mapafu yake yalikuwa yakijifunza kazi upya. Huyu hakuwa fundi wa kubahatisha. Alifaulu somo la gesi kuliko mtu yeyote wa visima vya Lugema. Alijua kwamba gesi ya kisima ikiwa kidogo hunuka mayai viza, na kwamba ikizidi inaua pua kwanza. Harufu inakatika ghafla, mtu anadhani hewa imesafika kumbe ndiyo anakwisha. Aliyajua yote hayo na bado alicheka.

"Tuseme kipima-gesi kilichelewa," alisema Gwakisa.

"Hakikuchelewa."

"Najua hakikuchelewa. Nasema tuseme."

"Sisemi."

Akageuka kutoka dirishani, funguo za gari zikimchezea mkononi. "Basi tumwondoe Mtani. Turudi kwenye slaidi zetu. Unamkumbuka mbuzi?"

Nani atamsahau mbuzi? Zamani masomo yetu yalikuwa picha, vishale, na sauti ya bwana mmoja aliyesoma kama anatangaza vifo redioni. Sheria ilitaka mwanafunzi avae kilemba, ule mkanda wa kichwani unaopima macho na mapigo ya moyo, ili ijulikane kwamba yuko macho. Fundi mmoja wa Lugema akamvalisha mbuzi wake. Mbuzi akahudhuria somo zima la usalama huku akicheua, na kilemba kikatuandikia kwamba usikivu wake unaridhisha. Ofisi nzima tulicheka mpaka machozi. Mwenye mbuzi tulimzika kabla ya Krismasi. Aliingia kisimani harufu ilipokatika, maana sehemu hiyo ya somo ilikuwa imesikilizwa na mbuzi. Hapo nilitia akili: watu wetu hawakukosa mafunzo, walikuwa wakichoshwa mpaka kufa, na mwenye kuwachosha ni mimi.

Mtani nilimtoa msibani. Bibi yangu alipozikwa Peramiho, nikiwa mtoto, walikuja watani wetu Wahehe, na mzee mmoja wao akashuka akalala ndani ya kaburi. Akakataa katakata kutoka mpaka apewe jogoo. Alisema Wangoni ni hodari wa kukimbia, tumfunge bibi miguu asije akakimbia hata peponi. Watu walicheka huku kamasi zinawatoka. Mahubiri ya padri sikumbuki hata neno moja, ila ya yule mzee ninayo yote. Nilipokua nikajiuliza, je, somo likifundishwa na mtani?

Ndivyo alivyozaliwa. Anakuuliza kwenu ni wapi, kisha anajifanya mtani wa kwenu: Mhehe anampata Mngoni, Mpare anampata Mchaga, Mzaramo anampata Mnyamwezi. Kilemba kinamnong'oneza pale macho yako yanapolegea, naye hapo hapo anamsema babu yako. Ukikosea swali, ukoo mzima unaingizwa. Watu waliokuwa wakivalisha mbuzi wakaanza kurudia masomo waliyokwisha kuyafaulu. Mafundi wenyewe wakaomba awekwe kwenye helmeti aende nao kazini, tukamweka, awe ndiye anayewaonya kuhusu gesi. Vifo vikapungua zaidi ya nusu. Hilo ndilo lililoninyima usingizi, kwamba vilipungua kweli.

"Mwezi ujao anavaliwa visima vyote vya Bonde la Ufa," alisema Gwakisa. "Maelfu, Leokadia. Na sheria inataka dole gumba la mtunzi, si langu. Mtengeneze au mzike, lakini uamue."

Mtani wa Kingoni nilimfinyanga kwa maneno ya kinywa changu mwenyewe. Aliyemwambia Beneta "utakufa" akachekwa, ni mimi.

*

Tulianza na ukali. Nyuma ya ofisi tuna tangi kubwa la chuma la mazoezi, lina ngazi na valvu kama kisima, na moshi usiodhuru. Nikawaingiza mafundi wa kujitolea mmoja mmoja, nikamfundisha Mtani kukaripia.

"Leo Mngoni kaamkia upande gani?" aliuliza wa kwanza, akaendelea na kazi.

Nikabadilisha sauti, nikaweka ya mama mgeni kabisa, mkavu kama karani wa mahakama. Wakacheka zaidi. Nilikuwa nimesahau kwamba Mtani huiga watu. Nilimfundisha mwenyewe kumwiga padri, mkuu wa mkoa, hata kikohozi cha Gwakisa, kwa hiyo kila sauti iliyoingia kwenye helmeti walidhani ni yeye na vituko vyake. Nikaweka king'ora. Hicho walikuwa wameshakizoea, maana visimani kinalia kila bomba likipumua, na wengine wanakitia matambara kisiwapigie kelele.

"Dada, usijichoshe," aliniambia fundi mmoja akishuka ngazi, anajifuta machozi ya kicheko. "Mtani hakamatwi kwa neno."

Alisema kweli, na nilikasirika kana kwamba amenitukana. Hiyo ndiyo sheria ya utani na ndio utamu wake: mtani anaweza kukuambia umeoza ukamchinjia kuku. Niliichukua sheria hiyo nikaifunga vichwani mwa watu. Kisha nikategemea kwamba siku moja wataivunja kwa sababu mashine imewaomba.

*

Nilikwenda Iringa nikiwa nimepanga maneno ya kuomba radhi. Beneta alikuwa ameketi kitandani, mirija ya hewa puani, anamenyea karanga mgonjwa wa kitanda cha pili.

"Kumbe ndiye huyu!" alisema niliposema jina langu. "Komba. Mngoni halisi. Umekuja kuniona au umekimbia vita huko?"

"Nimekuja kuhakikisha kama Mhehe anaweza kulala bila kunywa ulanzi."

"Wananipa wa kwenye chupa, unapita mkononi." Akaonyesha dripu. "Na haya machungwa umeyaiba bustani ya nani?"

Maneno yangu ya radhi yakayeyuka. Tulitaniana mpaka nesi akaja kutuangalia. Lakini niliona jinsi anavyokata sentensi katikati kutafuta pumzi, na kila alipoitafuta nilijichukia. Nikamuuliza bila kumpamba.

"Beneta, alipokuambia utakufa, ulisikia nini moyoni?"

Akafungua mdomo anijibu, nikajua ni utani mwingine unakuja. Haukuja. Akaufunga mdomo na kunitazama. Hewa ikasikika ikipita kwenye mirija, na karanga moja ikadondoka sakafuni.

Nilijikuta nimesimama. Mkoba ulikuwa begani, moyo unanienda mbio, na macho yangu yalikuwa mlangoni.

"Unakwenda wapi?" aliuliza Beneta.

"Sijui," nikasema, na kweli sikujua.

Ndipo nilipomwona tena yule mzee wa Peramiho. Kaburi lilipokwisha kufukiwa aliketi kwenye udongo, akavua kofia akaipakata, na yeye aliyesema tangu asubuhi hakusema tena. Watu wazima walikuwa wamelia mchana kutwa na mimi nilikuwa nacheza. Aliponyamaza yule ndipo nilipoelewa kwamba bibi harudi, nikalia mpaka nikabebwa.

"Beneta, Mtani huwa ananyamaza?"

"Huyo? Hata ukipiga mswaki anaongea."

*

"Kwa hiyo gesi ikipanda anakaa kimya," alisema Gwakisa polepole. "Basi?"

"Basi. Kama harufu. Harufu ikikatika, kimbia. Mtani akinyamaza, kimbia. Nilimjaribu fundi mmoja jana, akainua kichwa. Hakukimbia, lakini hakucheka."

"Kwa nini hakukimbia?"

Hapo ndipo pabaya. Kama mwili umezoea Mtani kupumzika, hautashtuka akipumzika. Ili ukimya mmoja usikike, lazima mwingine usiwepo. Fundi angehitaji kukaa na Mtani kwenye kilemba wiki tatu bila kukoma, kazini, mezani, sokoni, mpaka kilemba kionyeshe kwamba sauti ikikatika jasho linatoka kabla hajajua kwa nini. Mwili haujifunzi kwenye valvu tu. Nikamweleza Gwakisa yote, na nilivyozidi kueleza ndivyo uso wake ulivyozidi kung'aa.

"Hakuna atakayemvua!" alisema. "Tulikuwa tunatafuta somo lisilomchosha mwanafunzi, wewe umepata lisilomwacha."

"Hilo ndilo linalonitisha."

"Na wanaokufa hawakutishi?"

Nilitaka kumrushia kikombe.

Beneta alijitolea mwenyewe. Daktari alikuwa amemruhusu, na alikuwa anarudi kisimani nikitaka nisitake. Nilikwenda kwake nikamwambia kila kitu mbele ya watoto wake wawili, sikumficha.

"Nitakuzoesha mtu, halafu nitamfunga mdomo," nikasema. "Sijui itakuwaje ukimkosa siku ambayo hakuna hatari. Sijui kama ukishazoea utaweza kuzoeuka."

"Baba yao aliondoka bila hata kunizoesha," alisema Beneta. "Huyu wa kwako angalau anaaga. Weka."

Wiki tatu zikapita. Akiniletea salamu simuni nilimsikia Mtani kwa nyuma, anasimulia, anasuta, anaimba ovyo. Watoto walijifunza matusi yake. Beneta alisema nyumba imechangamka kama kuna harusi, na mimi nilicheka naye, kisha nikikata simu nilizunguka chumba kizima bila kukumbuka nilichokuwa natafuta.

Siku ya jaribio alipanda kwenye tangi bila kuambiwa Mtani atanyamaza lini. Mtani alikuwa katikati ya kisa cha babu yake Beneta, aliyetumwa kuchunga ulanzi wa wageni akachunga kwa mdomo.

"Basi mzee akatazama kulia, akatazama kushoto, akainua kibuyu..."

Kimya.

Spana ilianguka. Sikumwona akigeuka, nilimwona tu tayari yuko juu ya ngazi, halafu yuko chini uani, mikono imeshika magoti, na ndani ya tangi moshi ulikuwa haujafika hata kwenye valvu.

"Mshenzi wewe!" alinipigia kelele, analia na kucheka pamoja. "Mngoni mshenzi! Mrudishe amalizie!"

Gwakisa alipiga makofi. Na mimi nilipiga, tena kwa furaha ya kweli, maana nilikuwa nimemwona mtu aliyepaswa kufa akiwa amesimama juani ananitukana. Jumatatu ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kuweka dole. Nikachukua kibao kidogo cha idhini, kinachosoma dole hilo, nikaenda nacho nyumbani, niwe nacho karibu.

*

Jumapili, baada ya misa, nilikuwa napiga pasi simu ilipoita.

"Dada, niko nje."

Ilikuwa sauti ya Beneta, lakini imepanda, na nyuma yake watoto walikuwa wanalia.

"Nje wapi?"

"Barabarani. Umeme umekatika. Redio ikanyamaza, friji ikanyamaza, na Mtani alikuwa kwenye chaji, betri yake mbovu, naye akazimika. Vyote pamoja, dada. Nimewabeba watoto. Huyu mdogo nilimbeba kichwa chini. Nina kanga moja tu na majirani wananiangalia. Maharage yako jikoni. Sijui nakimbia nini."

"Hakuna gesi, Beneta. Ni umeme tu."

"Najua! Nimeshajiambia. Miguu haitaki kusikia."

Nikaketi kwenye nguo nilizokwisha kuzinyoosha. Kibao cha idhini kilikuwa mezani mbele yangu, kitaa chake chekundu kinawaka. Nikawafikiria maelfu ya nyumba za bonde zima siku umeme unapokatika, na kwetu unakatika kila siku ya Mungu. Mafundi wanamwagika barabarani na watoto kwapani, hawajui wanakimbia nini. Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto.

"Siweki dole," nikasema. "Kesho nakwenda kumwambia Gwakisa amzike."

"Weka."

"Beneta, jiangalie ulipo."

"Nipo. Ndiyo nakuambia, nipo." Pumzi yake ilikuwa bado inakatika katikati ya maneno, kama kule hospitali. "Yule aliyenivuta kwa kamba kesho anaingia kisima kile kile, na aliye naye kichwani ni Mtani wa zamani, yule wa kuchekwa. Mimi nitaikimbia nyumba yangu hata mara mia. Kisimani utacheka mara moja tu, na zile wiki zake tatu za kumzoea hazianzi mpaka uweke. Weka."

"Na watoto?"

Hakujibu mara moja, na mimi nikanyamaza nimngojee. Ilikuwa pumzi mbili tu. Nikasikia kandambili zikianza tena kupiga lami, mbio, na mtoto mkubwa akipiga yowe, "Mama, basi!"

"Usinyamaze!" alilia Beneta. "Dada, sema kitu, sema chochote!"

Nikasema. Nilisema kwamba sasa nimeamini maneno ya wazee, tulidhani Wangoni ndio wakimbiaji kumbe kuna Mhehe anaikimbia sufuria ya maharage. Nilisema babu yake angemwona angeficha kibuyu kwa aibu. Kandambili zikapunguza mwendo. Nikamwambia amgeuze huyo mtoto asije akakua anatembea kwa mikono, tukakosa wa kumwoza. Akacheka kidogo. Nikamaliza kile kisa cha ulanzi ambacho Mtani alikikata, nikakirefusha, nikamwingiza chifu, askari na mbwa wa jirani. Nikasikia mlango. Nikasikia kifuniko cha sufuria.

"Nimeingia," alisema. "Endelea."

Nikaendelea. Nilimsema shangazi yake nisiyemjua. Nilisema huku natembea kutoka dirishani hadi mezani na kurudi, koo limekauka, nisithubutu kunywa maji. Yule mwenzake wa kamba nilikuwa simjui hata jina, na kesho asubuhi alikuwa anashuka ngazi. Nilikuwa katikati ya sentensi kuhusu jogoo wa Peramiho nilipoweka dole gumba langu juu ya kibao. Kitaa kikageuka kijani. Sikusimama, nilimaliza sentensi.

Jua lilikuwa limeondoka dirishani niliposhindwa. Sauti ilibaki ya kukwaruza.

"Beneta, mtani wangu, na huo umeme wenu bado tu?"

"Umerudi zamani, dada," alisema taratibu. "Wewe endelea."